Chumvi Uliyoionja Kwenye Tuta

Butembo, Jumapili alasiri

Kahindo mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga rafiki zako na umeacha valizi yako wazi juu ya kitanda. Nimeiangalia, nikaona hakuna cha kuongeza. Umekunja kila kitu vizuri kuliko ambavyo ningekunja mimi. Kwa hiyo sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuvaa koti ukipanda moto, hizi pikipiki za taksi, asubuhi, wala za kupiga simu ukifika. Hayo unayajua, na mengine umenifundisha wewe tangu ulipoanza shule ya uuguzi.

Beni unakokwenda si mbali, na simu ipo. Unaweza kujiuliza kwa nini mama anakaa mezani kumwandikia mtoto atakayelala kesho mwendo wa saa chache tu kutoka hapa. Ni kwa sababu jambo hili nimejaribu kulisema kwa mdomo mara tatu, na mara zote nimeshindwa. Mara ya mwisho ilikuwa Alhamisi, tulipokuwa tunachambua maharagwe. Nilikuuliza, "Kahindo, unakumbuka ile bustani yetu ya kwanza?" Ukanijibu upesi, "Mama, ile ilikwishaka. Tuache." Ulicheka kidogo, na mikono yako haikusimama. Hapo nikajua kwamba nikikuambia uso kwa uso, utaanza kunifariji kabla sijafika katikati. Karatasi haitanikatiza.

Umesema ukifika kwa nyanya yako utalima mboga kwenye kile kipande cha ardhi nyuma ya nyumba yake, saa ambazo hutakuwa kazini kwenye kituo cha afya. Nilifurahi kusikia, na hapohapo nikaona haya. Jana nilitoa madaftari yangu ya zamani sandukuni, nikasoma mwaka wote ule. Unajua ninavyoandika: kila siku tarehe, hali ya hewa, kazi iliyofanyika, jambo la pekee. Baba yako huwaambia wageni kwamba kuku akikohoa nyumbani kwetu, saa yake inaandikwa. Nimeandika hivyo tangu nikiwa shule ya sekondari, na kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu anayeandika kila kitu hawezi kudanganyika. Sasa najua kwamba nilikuwa naandika kile tu nilichokiita kazi.

Mwaka ule ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikuwa bado nauza bitoyo. Kila wiki mbili nilishuka Kyavinyonge na kurudi na mifuko ya samaki wale wa chumvi, na nyumba nzima ilinuka ziwa hadi marafiki zako wakawa wanakuita mtoto wa samaki. Kule ziwani nililala kwa mama mmoja aliyekuwa na maboga na mchicha wa lengalenga nyuma ya nyumba yake, mahali wanapopasulia samaki wabichi na kutupa matumbo. Sijawahi kuona majani mapana namna ile. Nilimuuliza anatia nini. Akaniambia, "Hapana kitu. Hapa ni samaki njo inalisha udongo." Neno hilo nililiandika kwenye daftari nikalipigia mstari. Nilikuwa sijawahi kupanda hata kitunguu kimoja, na tayari nilikuwa na siri ya kilimo.

Miezi miwili baadaye, akina mama wa shirika letu la kanisani wakapatana kila mmoja afungue bustani ndogo kwenye parseli yake. Mama Tereza, aliyekulia upande wa Lubero kwenye mashamba ya kabichi na vitunguu vya poro, ndiye aliyetugawia mbegu. Kila Jumamosi tulikwenda kutembelea bustani ya mmoja wetu. Mimi nilichora ramani kabla ya kushika jembe. Nilipima matuta kwa kamba. Karibu na mlango wa jikoni, kwenye udongo mweusi mzuri, niliweka kabichi, maharagwe na karoti. Mbali, kule kwenye ua wa mikaratusi, niliweka lengalenga. Mama Tereza alinionya kwamba pale mkaratusi utaninyang'anya maji, na nikaandika kwamba tuta la uani ndilo litakaloshindwa. Halafu nikagawa kazi. La uani nililichukua mimi, kwa sababu lilikuwa gumu zaidi. La jikoni nikakupa wewe, ulimwagilie kila jioni ukitoka shuleni.

Sasa nikueleze kitu ambacho hakimo kwenye daftari lolote. Bitoyo vilivyovunjika njiani nilivilowesha usiku kwenye besani ili chumvi ipungue, maana kuna wateja waliotaka kupika siku ileile. Asubuhi nilimwaga yale maji. Niliyamwaga wapi? Mlangoni pa jikoni, juu ya tuta lako. Na mifuko mitupu niliikung'uta palepale, magamba na punje za chumvi vikaanguka kati ya mistari ya maharagwe. Nilikumbuka maneno ya yule mama wa Kyavinyonge na nikajiona mwerevu. Sikufikiri hata mara moja kwamba yeye hutupa matumbo ya samaki wabichi, na mimi nilikuwa namwaga chumvi. Wala sikuandika, kwa sababu kumwaga maji ya besani si kulima. Ni kusafisha jikoni.

Mvua zilipokuwa zinanyesha, hakuna kilichoonekana, maana zilikuwa zinaosha chumvi nyuma yangu. Mwezi wa sita jua lilipoingia, mambo yakaanza. Majani ya maharagwe yaliungua pembeni kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Kabichi zilikaa na majani manne matano, hazikufunga. Karoti nilizopanda tena hazikutoka kabisa. Saa sita mchana kila kitu kililala chini. Niliandika: "Zinakosa maji." Mstari unaofuata, tarehe ileile, nimeandika: "Nimechomeka kidole, udongo una unyevu." Niliisoma jana mistari hiyo miwili. Ipo moja chini ya nyingine kwa mwandiko wangu mzuri, inapingana, na mimi niliyeiandika sikuiona. Udongo ulipokauka juu ulikuwa na ukungu mweupe. Nikasema ni majivu ya jiko.

Kule uani, lengalenga zangu hazikuwa za kujivunia, lakini zilikuwa hai. Nami nikahesabu hivi kichwani mwangu: mahali pabaya, mkono wangu, mboga ziko hai. Mahali pazuri, mkono wa Kahindo, mboga zinakufa. Basi shida ni mkono. Kahindo, sikufika pale kwa hasira. Nilifika pale kwa mpangilio, hatua kwa hatua, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kunirudisha.

Jumamosi ile zamu ilikuwa yetu. Unaikumbuka, hata ukisema iliisha. Ulikuwa unajiandaa na mitihani. Akina mama walikuja watano, na jirani yetu Mama Kavira ndiye aliyetangulia kuingia, kama kawaida yake kwa mdomo wazi, akainama juu ya kabichi.

"Mama Kahindo, haya ni mashu ao ni salade ya bagonjwa? Hata mbuzi yangu itaomba ruhusa mbele ya kuikula!"

Walicheka. Nami wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimewaonyesha daftari langu na ramani yangu, nikiwafundisha jinsi ya kupanga matuta. Nikakuita. Ukatoka nyumbani na kitabu cha jiografia mkononi, kidole kikiwa bado kimeshika ukurasa.

"Kahindo, kila siku unatiaka maji hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mabidon mbili."

"Basi juu ya nini yangu kule iko muzima, na hii yako inakufa?"

Ulichuchumaa, ukaweka kitabu chini, ukachukua udongo kidogo kwa ncha za vidole ukauweka kwenye ulimi. Ukainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. Kisha ukasema, "Mama, huu udongo iko na chumvi."

Mama Kavira akapiga makofi. "Eh! Mutoto anapika udongo sasa! Anaonja kama imeiva!"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Ni jambo dogo, lakini kila nikilikumbuka natamani kufunga macho. Nilicheka, halafu kicheko kikageuka. Nilikuambia, mbele yao, kwamba unanitia haya, kwamba umeacha maji kwa ajili ya vitabu na sasa unatafuta uongo ndani ya udongo. Ukanyoosha mkono, udongo ukiwa kwenye kiganja. "Mama, onja weye pia."

Sikuonja. Niliusukuma mkono wako na udongo ukaanguka juu ya kitabu.

Wamama waliacha kucheka. Mama Tereza akasema, "Mama Kahindo, acha kwanza." Sikuacha. Nilikuambia hatutatoka hapo hadi useme kweli. Jua lilikuwa kali. Uliniangalia mimi, ukawaangalia wao, mmoja mmoja, kama mtu anayeona wageni wamechoka kusimama. Kisha sauti yako ikabadilika, ikawa laini. "Sawa. Ni miye. Siku zingine sikutiaka maji." Ukawageukia. "Bamama, munisamehe."

Kwenye daftari la siku ile nimeandika: "Kahindo amekubali. Sababu imejulikana." Nililala vizuri sana usiku ule.

Likizo ilipofika, nilikufutia safari ya Beni kwa nyanya yako. Nilisema ni adhabu. Alikuwa amekuomba tangu Pasaka. Alipiga simu akaniuliza, "Mujukuu wangu anafika siku gani?" Nikamwambia una kazi ya kumaliza hapa. Mwaka uliofuata barabara ilikuwa mbaya na hatukuthubutu kukutuma. Ulipokwenda baadaye, macho yake yalikuwa yamekwisha. Uliniambia jinsi alivyokushika uso kwa mikono miwili, pua, mashavu, na masikio, akasema, "Umekuwa mutu mukubwa." Ulinisimulia kwa furaha. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya bidon la maji. Mama yangu hakukuona ulivyokua. Angekuona, kama si mimi.

Utaniuliza nilijua lini. Nilijua mapema sana, na hilo ndilo zito kuliko yote.

Mwezi wa nane mwaka uleule barabara ya ziwani ilikuwa ya hatari. Niliacha bitoyo, nikaanza kuuza sabuni na sukari sokoni. Mvua za mwezi wa tisa hadi wa kumi na moja zikanyesha. Nikapanda maharagwe tena kwenye tuta la jikoni, yakatoka, yakasimama. Wewe nilikuwa nimekukataza kugusa bustani, kwa hiyo nikaandika: "Nikimwagilia mwenyewe, yanaota." Unaona? Hata mboga zilipopona, nilizitumia dhidi yako.

Kisha, mwezi wa pili, katikati ya jua, mtu akaniletea mfuko wa bitoyo kutoka Kyavinyonge kama zawadi. Nikavilowesha kama zamani. Asubuhi nikafungua mlango wa jikoni nikamwaga. Nilifanya hivyo asubuhi tatu. Siku chache baadaye maharagwe yaliyo karibu na mlango yakaungua pembeni. Yale ya mbali hayakuwa na kitu. Nilisimama pale na besani mkononi, na nilijua, lakini sikutaka kujua. Nikatafuta njia ya kuwa na hakika. Nikachukua sufuria mbili zilizotoboka, nikatia udongo mmoja, mbegu za maharagwe kumi kumi. Moja nikaimwagilia maji ya chemchemi, moja maji ya besani. Niliandika kila siku. Kwenye sufuria ya kwanza zilitoka tisa. Kwenye ya pili haikutoka hata moja. Siku ya mwisho nilichukua udongo wa sufuria ya pili nikauweka kwenye ulimi.

Kwenye daftari siku hiyo kuna neno moja tu: "Chumvi."

Wewe ulikuwa chumbani unapiga pasi sare yako. Zilikuwa hatua kumi hadi kwako. Nilisikia pasi ikigonga meza. Nilifunga daftari nikaenda sokoni. Nilijiambia umeshasahau. Nilijiambia mtoto akiona mzazi anarudi nyuma atakosa heshima. Nilijiambia nitasema wakati wa Noeli, baadaye nikasema ukimaliza darasa la sita la sekondari, halafu ukipata diploma. Miaka minane nimekuwa nikiahirisha hatua kumi.

Nisingeandika leo pia, labda, kama si jambo lililotokea ulipokuwa kwenye mafunzo hospitalini. Ulirudishwa nyumbani wiki moja kwa kuvunja kipima presha. Uliniambia ulikiangusha. Siku ya tatu akaja rafiki yako, akalia hapa mezani, akasema ni yeye aliyekiangusha, na kwamba wewe ulisimama mbele ya kila mtu ukasema ni wewe. Alipoondoka nilikuuliza kwa nini. Ulikuwa unaosha vyombo. Ulinijibu bila kugeuka, "Ilikuwa njia ya mufupi, mama. Batu bote balikuwa bamechoka."

Kahindo, nilizijua zile nyuso zilizochoka; uliziangalia kwanza kwenye bustani yetu. Nilijua ni wapi ulijifunza njia hiyo fupi, na ni nani aliyekufundisha.

Sasa unakwenda kufanya kazi mahali ambapo kosa linaweza kumwua mtu. Siku moja dawa itatolewa vibaya, au kitu kitapotea kabatini, na mkubwa atauliza ni nani. Watu watakuwa wamechoka. Naogopa utainua mkono ili wengine waende nyumbani. Najua hutafanya hivyo kwa woga, utafanya kwa huruma, na ndiyo maana naogopa zaidi. Siku ile ulipokubali, mimi niliacha kutafuta. Ile ndiyo hasara yenyewe. Ulipata amani ya jioni moja, mimi nikapata usingizi, na chumvi ikabaki palepale mlangoni, nikaendelea kuimwaga kila asubuhi kwa wiki nyingine nyingi. Na kwako, mgonjwa wa pili atalala kitanda kilekile, na kosa lingali pale.

Sikuandikii ili nikuamuru kitu. Sina tena mahali pa kusimama niamuru. Nakuambia tu nilichokiona.

Kuhusu bustani yako, nitasema machache, kwa sababu nimeyalipia. Beni kuna joto kuliko hapa, na kabichi zako huenda zikakataa kufunga hata ukifanya kila kitu sawa. Zikikataa, anza na lengalenga na majani ya maboga, wala usijione mjinga. Miche ikisongamana, ing'oe mingine ukiwa bado huijutii. Mimi nilikuwa na moyo wa mchuuzi, niliona kila mche ni mali, nikaacha karoti zibanane hadi zote zikawa nyembamba kama vidole vya mtoto. Jani likinyauka, usikimbilie bidon. Chimba mche mmoja utoe mizizi yake uiangalie, maana majani yaliyo na kiu na majani yaliyo kwenye chumvi hulala namna moja. Ukitaka kubadilisha kitu, badilisha kimoja, ungoje. Na ukiandika, andika pia unachomwaga, unachofagia, na unachotupa bila kufikiri. Kila nilichoandika juu ya tuta lile kilikuwa kweli. Nilichoacha kuandika ndicho kilichoharibu kila kitu.

Na kama kuna mtoto wa jirani anayekusaidia kumwagilia, muulize yeye kwanza anaona nini. Yeye ndiye anayeinama.

Leo baada ya misa nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya zamani. Wamama wa shirika walikuwa wamekaa kwa Mama Tereza, walewale, ila mmoja aliyehamia Kanyabayonga. Nikasimama nikasema, "Bamama, niko na neno."

Mama Kavira akadakia, "Kama ni ya kutupikisha kwenye feti ya kuaga Kahindo, miye magoti inaniuma tangu asubuhi!"

Nikawaacha wacheke. Kisha nikawaeleza yote, maji ya besani, sufuria mbili, neno moja kwenye daftari, na miaka minane. Sikulia hadi nilipofika kwenye mkono wako ulionyooshwa. Nilipomaliza, Mama Kavira ndiye aliyetangulia kusema.

"Miaka munane! Mama Kahindo, na ile chumvi yote uliiwekaka wapi, ndani ya tumbo?" Halafu akaacha ghafla, akaweka mkono mdomoni. "Lakini miye njo nilisemaka mutoto anapika udongo. Ni miye."

Mama Tereza alikuwa anatazama chini. Akasema polepole, "Miye nilijuaka ile siku ile. Habari ya chumvi, hapana. Nilijua tu mutoto hapana anasema kweli wakati alikubali. Mutu mwenye kuacha kazi hapana anakunyoshea mukono vile, eti onja weye pia."

"Sasa juu ya nini haukuniambia, mama?"

"Nilikuambia acha kwanza. Ulisikia?"

Nikakaa chini.

Mama Kavira alitaka kuja hapa kesho asubuhi kabla hujaondoka, akuombe msamaha. Wengine wakasema nao watakuja. Wangejaza ua wote, wangeimba, na mmoja angeleta ndizi za njiani. Niliwaambia wangoje. Niliwaambia, "Siku ile tulimuzunguka batu sita. Kesho hapana. Kahindo mwenyewe njo atasema kama anataka." Kwa hiyo nakuuliza, na unaweza kunijibu hapana. Ukisema hapana, nitawapelekea jibu lako kama lilivyo, bila kulipaka asali.

Sijui utasoma hii lini. Nitaiweka juu ya nguo zako kwenye valizi, mahali utakapoiona ukirudi kufunga. Ukiisoma leo, usije chumbani kwangu kuniambia kwamba yaliisha. Kama hayajaisha, yaache yasiishe. Unaweza kunikasirikia ukiwa Beni, mwezi mmoja, mwaka mmoja, kadiri inavyohitaji, na bado nitakuwa mama yako na simu yangu itakuwa na chaji. Hasira ambayo hukuitoa ukiwa na miaka kumi na mitatu ni yako. Niliichukua siku ile kwa kukuharakisha. Sitaki kuichukua mara ya pili.

Kesho baba yako atakupeleka kwenye kituo cha taksi kwa moto. Mimi nilikuwa nimepanga kufuata kwa moto nyingine. Ukipenda niende, nitakuwa nimevaa tayari. Ukipenda uende naye peke yake, panda tu, sihitaji maelezo, nami nitabaki mlangoni. Usinikumbatie kwa sababu umeona macho yangu mekundu, wala kwa sababu majirani wanatazama, wala ili mimi nilale vizuri. Nikumbatie kama unataka.

Mama yako